Fungu la Rafiki zake Khadija

Bi Khadija bint Khuwaylid alifariki Makka mwaka 619, miaka mitatu kabla ya Hijra, akazikwa Hajun. Mwaka huohuo alifariki Abu Talib, ami yake Mtume Muhammad (S.A.W.), na wanahistoria wakauita Mwaka wa Huzuni. Habari za Abu Talib huelezwa kwa kirefu, maana alipoondoka yeye, ulinzi wa ukoo uliondoka naye. Kifo cha mke hakikugusa mizani ya makabila. Kiligusa nyumba.

Na nyumba yenyewe ilikuwa ya miaka ipatayo 25. Humo walizaliwa wana waliozikwa wangali wadogo, na mabinti wanne waliokua: Zaynab, Ruqayya, Umm Kulthum na Fatima. Humo ndimo Mtume alimorejea akitetemeka kutoka pango la Hira, akaomba afunikwe, na mkewe, mfanyabiashara aliyejua kupima watu, akamtuliza. Muda wote wa uhai wa Khadija hakuoa mke mwingine.

Baadaye alioa. Alianza na Sawda, mjane mtu mzima, na Madina nyumba zikaongezeka. Hapo sisi tungesema msiba umekwisha. Kwetu mwanamke aliyefiwa ana eda ya miezi minne na siku kumi, na watu wote huiheshimu. Mgane hana eda. Matanga yakishaondoka, wazee wanaanza kumtajia mabinti wa watu, na akishaoa, jina la marehemu halitajwi tena barazani, eti mke mpya asije akaudhika.

Mke mpya wa Madina aliudhika kweli, naye mwenyewe ndiye aliyesimulia. Bibi Aisha alisema hakumwonea wivu mke mwenziwe yeyote kama alivyomwonea Khadija, mtu ambaye hakuwahi kuishi naye. Sababu aliitaja: Mtume alikuwa akimkumbuka mno. Akichinja kondoo, humkatakata viungo, kisha hutenga mafungu na kuyapeleka kwa wanawake waliokuwa rafiki zake Khadija. Nyumba ile haikuwa ya shibe. Miezi ilipita bila moto kuwashwa jikoni, wakiishi kwa tende na maji. Katika uhaba huo, siku nyama ilipopatikana, fungu moja lilitoka kwa ajili ya mtu aliyelala kaburini Makka. Namwelewa Aisha. Marehemu hazeeki wala hakosei, na kushindana naye ni kazi bure.

Siku moja Hala, ndugu yake Khadija, alibisha hodi Madina. Sauti yake na namna yake ya kuomba idhini vilikuwa vya dada yake, Mtume akashtuka kwa kumkumbuka mkewe, akaomba kwa Mola awe ni Hala kweli. Aisha alikuwapo, akasema neno la wivu, na neno hilo nalo hakutuficha.

Lakini kisa kinachonishika zaidi ni cha mkufu. Baada ya vita vya Badri, mwaka 624, miongoni mwa mateka wa Kikuraishi alikuwamo Abu al-As, mtoto wa huyohuyo Hala na mume wa Zaynab. Zaynab alikuwa bado Makka, akatuma fidia ya kumkomboa mumewe. Ndani ya mali ile mlikuwa na mkufu ambao mama yake alimpa alipoolewa. Mtume alipouona, moyo ulimlainika sana. Jeshi lilikuwa limeshinda, yeye ndiye mkuu wake, na angeweza kutoa amri. Badala yake aliwaomba masahaba: wakiona inafaa, wamwachie mateka wa Zaynab na wamrudishie mali yake. Wakakubali. Mkufu ukarudi Makka kwa mwenyewe.

Huyo ni mgane wa miaka kama mitano, aliyekwisha kuoa tena, mbele ya wapiganaji wake, na hakuna aliyemwambia ajikaze kiume.

Basi mkiwa na mgane kwenu, awe ameoa au hajaoa, mtajieni mkewe kwa jina lake. Msingoje hitma ya mwaka. Na yule rafiki wa marehemu aliyekuwa akiingia jikoni bila kukaribishwa, ambaye tangu mazishi anaona haya kubisha hodi, mpelekeeni fungu lake.