Hela ya Tangazo Nimeikosa, Ila Sijutii

Wadau, bosi mmoja maarufu hapa Bukoba (jina kapuni) aliniita nimpostie tanki lake jipya la samaki. Nikakuta katoto ka sangara kamewekwa pamoja na furu! Nikamwambia, "Bosi, hao furu wataliwa, watenganishe." Akacheka, akanifukuza.

Mimi nimekulia Muleba, wazee wetu walishayaona hayo. Sangara aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na miaka ya 1980 aina nyingi za furu zikapotea, yeye akiwa chanzo kikubwa. Ziwa zima lilikuwa dogo kwao, sembuse tanki?

Juzi nimesikia sangara kabaki peke yake, kanenepa. Wewe ungeposti?