Kabla ya Kulipia Nyumba, Uliza Nani Atashika Hesabu za Mtaa

Sisi wa ughaibuni tunaponunua nyumba, iwe huku au nyumbani, huuliza bei, riba na umbali wa kufika mjini. Swali la nani ataendesha mtaa huja baadaye, mara nyingi siku ada inapopanda. Ugomvi ninaousikia kwa majirani zangu wa Florida ndio huo huo ninaousikia kwa jamaa zangu wa Nyali, Kenya, na naamini mwingi ungeepukika kama swali hilo lingetangulia sahihi.

Hapa Florida, mitaa mingi mipya huanza na chama cha wamiliki wa nyumba. Ukinunua umeshaingia, na huwezi kujitoa. Mwanzoni chama kiko mikononi mwa mjenzi, yaani kampuni iliyojenga na inayouza. Ndiye aliyeandika masharti, ndiye anayeteua bodi, na kwa kawaida kura zake kwa kila kiwanja ni nyingi kuliko za mnunuzi. Lakini sheria ya jimbo, Sura ya 720, imemwekea mpaka. Nusu ya viwanja vikishauzwa, wakazi wana haki ya kuchagua angalau mjumbe mmoja wa bodi. Miezi mitatu baada ya asilimia 90 kuuzwa, wanachagua wajumbe walio wengi, kisha mjenzi ana siku 90 za kukabidhi mikataba, kumbukumbu za mikutano na hesabu zote.

Hesabu hizo ndizo huzua ugomvi. Sheria inaruhusu mjenzi asilipe ada ya viwanja ambavyo hajauza, mradi afidie pengo la matumizi ya chama. Hivyo ada inaweza kuonekana nafuu wakati wa kuuza. Akishaondoka, mzigo wote ni wa wakazi, na kama hakuna akiba ya barabara wala bwawa la kuogelea, bodi mpya haina budi kupandisha ada. Mkazi asiyelipa anaweza kuwekewa zuio kwenye hati ya nyumba, na mwisho nyumba yenyewe ikauzwa kwa amri ya mahakama.

Hata hivyo, wakazi wakishikamana husikilizwa. Huko Solivita, mtaa wa wastaafu katika eneo la Poinciana, wakazi waliishtaki kampuni iliyoujenga, Avatar Properties, kwa ada ya klabu ya mtaa iliyobeba ndani yake faida ya kampuni. Mwaka 2021 mahakama iliamua kwamba ada hiyo ilikiuka Sura ya 720, na kampuni ikatakiwa kurudisha zaidi ya dola milioni 30.

Kenya mambo yalijengwa kwa njia nyingine. Kwa miaka mingi mnunuzi wa fleti alipewa mkataba wa upangaji wa muda mrefu pamoja na hisa katika kampuni ya usimamizi. Hati ya ardhi ilibaki kwa mjenzi mpaka fleti zote ziuzwe. Kwa hiyo fleti moja tu isiyouzwa ilitosha kumpa kisingizio cha kuendelea kuwa mkurugenzi. Binamu yangu wa Nyali ameyaishi haya. Ada ya huduma inakusanywa kila mwezi kwa ajili ya lifti, jenereta, maji ya kisima na askari wa langoni. Wakazi wakiomba hesabu wanaambiwa wasubiri mkutano, na mkutano hauitishwi. Baadhi wakaacha kulipa, lifti ikasimama, na waliolipa wakapanda ngazi sawa na wasiolipa.

Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 1987, ilikuja kuondoa hali hiyo. Ramani ya mgawanyo wa jengo ikishasajiliwa, kila fleti hupata hati yake, ngazi na maegesho huwa mali ya wote kwa mafungu, na shirika la wamiliki huundwa. Mikataba ya zamani ilipewa miaka 2 kugeuzwa.

Tofauti kubwa naiona hapa: Florida, madaraka huhama kutokana na mauzo, ambayo mjenzi mwenyewe anayataka. Kenya huhama kutokana na usajili wa ramani, ambao mjenzi anaweza kuukalia. Haki ipo, lakini pasipo wakazi kuisukuma haitembei.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaotuma fedha kununua fleti ikiwa bado kwenye ramani, mtumeni wakili wenu, si jamaa tu, aulize mambo matatu. Ramani ya mgawanyo itasajiliwa lini? Nani atashika akaunti ya ada, na hesabu zake zitatolewa lini? Fleti ambazo hazijauzwa zinalipiwa na nani? Majibu yaandikwe ndani ya mkataba. Na mkishanunua, lipeni ada, hudhurieni mikutano hata kwa simu, na dai la hesabu liandikwe kwa barua yenye sahihi za wakazi wengi. Mtu mmoja mjenzi humzungusha miaka; wakazi arobaini wenye risiti zao atalazimika kuwajibu.