Picha za machweo kutoka kijiji cha udongo mwekundu

Mimi ni yule mwalimu wa kujitolea wa darasa la tano, yule mnayemwona anapita na ubao mdogo kichwani mvua ikinyesha. Mwezi huu nimeombwa niandike habari ya safari. Sasa safari gani nitaandika mimi, na tangu tulipovuka ziwa nikiwa na miaka sita sijafika mbali zaidi ya Kasulu mjini? Nikaona heri niandike juu ya mahali ambapo miguu yangu haijakanyaga, lakini macho yanapaona kila wiki kwenye simu.

Mahali penyewe ni Kupro, kisiwa kilicho mashariki mwa bahari ya Mediterania. Yaya wangu anaishi huko. (Ndugu Watanzania msinicheke, kwetu Fizi yaya ni dada mkubwa, si mlezi wa watoto!) Yeye hakufika kambini pamoja nasi. Alibaki Lubumbashi kwa mjomba, akasoma, na mwaka 2019 akaenda Kupro kwa viza ya masomo. Mtu mmoja alikuwa amemwambia kwamba atasoma asubuhi na kufanya kazi jioni, ada itajilipa yenyewe. Haikujilipa. Mwaka 2021 masomo yakakatika, akaomba hifadhi, na hadi leo anangoja jibu. Kwa hiyo naye ni mkimbizi wa kungoja, kama sisi.

Kila Jumapili anatuma picha. Simu yenye kioo kizuri ni ya jirani, basi tunaenda kwake baada ya chakula, mama, mimi, mdogo wangu wa kiume, na watoto wa blok nzima wanaotaka kuona. Picha karibu zote ni za machweo. Mbingu imekuwa ya zambarau na ya chungwa, chini kuna ukuta wa mawe, juu ya ukuta kuna paka. Picha nyingine ni mlango wa buluu na maua ya bogonvilia yanamwagika juu yake. Nyingine ni makopo ya mafuta yaliyopangwa kwenye ngazi, kila kopo lina ua lake, na nyuma ya makopo wanachungulia paka wanne. Watoto wanapenda kuhesabu paka. Siku moja tulifika kumi na tisa katika picha moja, tukagombana kama yule wa ishirini ni paka au ni jiwe.

Tulizoea kusema, “Aah, yaya amefika peponi.” Majirani nao wakasema. Wengine walisema kwa furaha, wengine kwa namna nyingine, si mnajua. Eti mtu anaishi kwenye maua namna hiyo halafu mama yake anapanga foleni ya mgawo? Mama hakuwajibu. Yeye alikuwa na swali lake moja tu: “Mbona yeye mwenyewe hayumo?” Kweli, katika picha zote hizo hapakuwa na uso wa yaya hata mara moja.

Halafu mdogo wangu akaanza kubadilika. Ana miaka kumi na saba. Akaacha kuja shule siku mbili tatu kwa wiki, akawa anafyatua tofali za watu, pesa anaficha. Nikamuuliza, akasema wazi: anakusanya nauli. Kuna mtu amemwambia njia ya kufika Kupro. Nikamwambia subiri kwanza. Akanijibu, “Mwalimu, wewe endelea na ubao wako. Mimi nimeona kwa macho.”

Hapo ndipo niliponunua vocha nikampigia yaya, nikamwomba kitu kimoja. Nikasema, “Yaya, tuambie na kile kisichoingia kwenye picha.” Akanyamaza kidogo. Kisha tuliongea wiki tatu mfululizo, dogo akiwa amekaa pembeni anasikiliza. Haya ninayoandika hapa chini mengine aliniambia yeye, mengine nimeyasoma mwenyewe ili nijue anaishi wapi.

Kisiwa chenyewe si kikubwa. Kina kilometa za mraba 9,251, yaani kama robo tu ya ardhi ya mkoa huu wa Kigoma. Yaya anakaa upande wa kusini-mashariki, sehemu inayoitwa Kokkinochoria. Kwa Kigiriki maana yake ni vijiji vyekundu, kwa sababu ya udongo. Ni mwekundu kama huu wetu unaochafua sare za watoto. Viazi mviringo vya huko vinajulikana na vinauzwa hadi nchi za nje. Katika kijiji kimoja kinachoitwa Sotira wanalima kitu wanachokiita kolokasi. Yaya alipokiona mara ya kwanza alicheka peke yake shambani: kumbe ni magimbi! Yale yale ambayo kina mama wa Kivu wanaita mateke. Wazee wa huko hawayakati kwa kisu moja kwa moja. Wanatia kisu kidogo halafu wanavunja kipande, wanasema ukiyakata vibaya yanatoa utelezi. Mama aliposikia hayo alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu mazungumzo yaanze.

Mvua yao inanyesha miezi ya baridi. Mwezi wa pili milozi inachanua, mashamba yanajaa maua ya porini mekundu na ya zambarau hadi mwezi wa nne. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa ni kiangazi kikavu, kama kwetu, ila joto lao linapita letu. Kiangazi saa zao ni sawa na saa za Tanzania, lakini jua la mwezi wa sita linazama saa mbili usiku. Mwezi wa kumi na mbili linazama mapema sana, saa kumi na nusu na dakika chache. Na utusitusi wao unakawia. Hapa kwetu, karibu na ikweta, jua linashuka wima, ukigeuka tu kumekuwa giza. Kule linashuka mshazari, mwanga unabaki baada ya jua kuondoka. Mtu ana nafasi ya kupiga picha, hata akiwa ametoka kazini amechelewa.

Na hiyo ndiyo sababu ya picha za machweo. Yaya anaamka saa kumi alfajiri. Siku yenye kazi, gari linawachukua kwenda kuvuna viazi, wanainama mpaka mchana, wanapumzika, wanainama tena. Siku isiyo na kazi hakuna pesa, na chumba kinalipiwa vile vile. Analala na wanawake wengine watatu nyuma ya ghala la masanduku. Saa iliyo yake mwenyewe ni ile moja tu, kati ya kazi na usiku. Akasema, “Hiyo saa ndiyo yangu, kwa hiyo ndiyo ninayowatumia.” Na uso? “Nilikuwa nimekonda. Mama angelia.”

Mama hakulia. Alisema, “Mwambieni nimezaa watoto wembamba tangu zamani.”

Sasa paka. Paka wa Kupro wana habari ndefu. Mwaka 2004 wataalamu kutoka Ufaransa walitangaza kwamba kusini mwa kisiwa wamefukua kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita. Ndani alizikwa mtu, na karibu naye, sentimeta arobaini tu, kazikwa paka wa miezi minane hivi. Kisiwani hapakuwa na paka wa asili. Maana yake ni kwamba watu walimleta kwenye mashua. Huko wanasimulia pia kwamba zamani ukame ulileta nyoka wengi, na Helena, mama yake mfalme wa Roma, akaagiza paka waje kupambana nao. Mwaka 2023 ugonjwa mbaya uliua paka wengi kisiwani. Serikali ikaruhusu vidonge vilivyobaki vya Uviko, vile vya binadamu, vitumike kuwatibu. Watoto wa darasa langu hawakuamini hata nilipoapa.

Nilipoendelea kusoma nikaona ajabu nyingine. Karibu kila kitu kizuri katika picha za yaya kilifika kwa chombo cha majini. Bogonvilia asili yake Amerika ya Kusini. Mpungate ulioota kando ya njia umetoka upande wa Meksiko. Viazi vimetoka milima ya Amerika. Magimbi asili yake Asia. Na yale maua ya kwenye makopo, yanayoitwa jerani, mababu zake walitoka huku Afrika, kusini kabisa. Leo ukimwambia mtu wa Kupro kwamba hayo ni mageni, atakushangaa.

Lakini habari iliyotukalisha kimya ni ya bibi mwenye makopo. Ni jirani wa yaya, mzee, ndiye anayewalisha wale paka kumi na tisa (au ishirini). Jioni anamwita yaya, anamkatia limau, wanaongea kwa maneno machache na mikono mingi. Siku moja akamwonyesha ufunguo. Mwaka 1974 kulikuwa na mapinduzi Kupro, halafu jeshi la Uturuki likaingia, na kisiwa kikagawanyika. Wagiriki wa kaskazini zaidi ya laki moja na nusu walikimbilia kusini. Waturuki wa kusini, makumi ya maelfu, walihamia kaskazini. Katikati pakawekwa ukanda wa kilometa kama 180, unalindwa na askari wa Umoja wa Mataifa mpaka leo. Bibi alikimbia akiwa msichana, wazazi wake wakidhani watarudi baada ya siku chache. Walifunga mlango na kuacha nguo kwenye kamba.

Mwaka 2003, mwezi wa nne, vivuko vilifunguliwa kwa mara ya kwanza. Bibi akaenda na ufunguo wake. Kitasa kilikuwa kimeshabadilishwa. Mama mmoja Mturuki akafungua, akamkaribisha ndani, akampa kahawa. Kumbe naye alikuwa amefukuzwa na vita kutoka kusini, ana picha ya nyumba yake ukutani. Walikaa wanawake wawili, kila mmoja amepoteza nyumba, wanakunywa kahawa katika nyumba moja. Wakati wa kuondoka alifungiwa ndimu za mti uliopandwa na baba yake. Mbegu ya ndimu hizo ndiyo mti ule unaoonekana kwenye picha, ule ambao paka wa manjano analala chini yake.

Mama akauliza kwenye simu, “Na huyo bibi, alirudi kukaa?”

“Hapana, mama. Alirudi kuona tu.”

Nyumba yetu ya Fizi tunasikia kuna watu ndani yake. Mama hakusema neno kuhusu hilo. Aliomba aonyeshwe tena ile picha ya mti.

Kuna picha nyingine sitaisahau. Yaya alipanda mahali pa juu pale Deryneia, karibu na mstari. Mbingu ni nyekundu, na kwa mbali kuna majengo marefu mengi, lakini hakuna taa hata moja. Sisi tulidhani umeme umekatika. Hapana. Ni Varosha, mtaa wa mahoteli ulioachwa na watu wake Agosti 1974 na kuzungushiwa uzio. Mwaka 2020 sehemu yake ilifunguliwa, watu wanatembea barabarani na kutazama, lakini wenyewe hawajarudi kukaa. Dogo aliitazama hiyo picha muda mrefu. Akauliza, “Miaka yote hiyo, na wao ni wa Ulaya?” Kupro iliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004. Nikamwambia ndiyo, hata wao.

Sitaki kuwadanganya kwamba dogo amebadilika kabisa. Bado anafyatua tofali Jumamosi. Lakini darasani amerudi, na alimuuliza yaya mwenyewe maswali: unalipa chumba kiasi gani, ukiumwa unaenda wapi, karatasi zako zinaisha lini. Yaya alimjibu yote bila kuficha. Yule mtu wa njia alipopita tena, dogo alimuuliza maswali hayo hayo. Akakosa majibu, akasema atarudi. Hajarudi.

Wiki iliyopita yaya aliomba na sisi tumtumie picha. Tukangoja jua lishuke. Nikampiga mama akiwa mbele ya mlango, kando yake maua ya maboga yaliyopanda juu ya paa, na paka wa ghala la shule ambaye tulimshika kwa kumpa vichwa vya ndagala. Moshi wa majiko ulikuwa umetanda chini, mbingu ya waridi. Nilipoitazama nikashtuka: foleni haimo, matope hayamo, turubai lililochanika liko nyuma ya maua. Na sisi tulikuwa tumetuma saa yetu nzuri.

Yaya akajibu, “Jamani, mnaishi pazuri!” Tukacheka wote. Halafu naye akatuma picha yake, uso mzima, na kilemba. Amekonda kweli. Mama ameomba tuitoe kwenye karatasi tukipata nafasi ya kwenda mjini.

Wazazi wenzangu na vijana, ndugu akituma maua, yapokeeni, msimnunie. Kisha muulize: umekula nini, umelala wapi, saa ngapi unaamka? Na wewe ukiulizwa, sema. Picha ni salamu, mazungumzo yanafuata.

Ni mimi mwalimu wenu wa darasa la tano. Mwenye kujua jina la Kibembe la lile ua la njano linaloota kando ya kisima, aje aniambie, yaya anauliza.