Pete ya Kukhu Ina Uzito Ambao Sonara Hawezi Kupima

Wasee, Cham si ile chama ya kuchanga pesa kila mwisho wa mwezi. Ni watu wa pwani ya nchi ambayo leo tunaiita Vietnam. Ufalme wao, Champa, ulidumu zaidi ya miaka elfu moja hadi 1832, na wazao wao bado wako Vietnam na Kambodia. Mafundi wao walitengeneza pete za dhahabu zenye vito. Siku hizi unazipata zikiuzwa mtandaoni: picha kali, uzito kwa gramu, bei kwa dola. Jina la aliyeivaa? Hakuna.

Hiyo ndiyo inaniuma, juu kwetu Bungoma kuna pete inataka kufuata njia hiyo hiyo. Ni ya kukhu. Dhahabu, jiwe jekundu katikati. Binamu yangu anahitaji karo ya chuo, na wajomba wamekubaliana iuzwe Kitale. Sonara ameshasema atang'oa jiwe kwanza, kisha apime dhahabu peke yake. Ndani imechapwa 375, maana yake dhahabu ni asilimia 37.5 tu, inayobaki ni metali nyingine. Kwa mizani, ni kitu kidogo sana.

Lakini kukhu anajua babu aliuza magunia mangapi ya mahindi kuinunua, na kwa nini yeye alikataa kuivua siku ya mazishi ya babu. Hiyo sonara hana mizani yake.

Siwaambii wajomba wasiuze. Karo ni karo, na kukhu mwenyewe amesema pete haiendi shule. Ninachopinga ni kuuza kimya kimya.

Cheki fimbo tatu za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa 1905. Richard Meinertzhagen, afisa Mwingereza aliyehusika na mauaji hayo, alizibeba hadi kwao. Zilirudi Kenya 2006, kwa sababu ilijulikana ni za nani. Kama zingeandikwa tu "fimbo, Afrika", zingerudishiwa nani?

Kwa hivyo kabla pete ipande matatu kwenda Kitale, tunaipiga picha pande zote, hadi ile chapa ya ndani. Halafu tunamrekodi kukhu akisimulia kwa Kibukusu, kwa jina lake kamili. Dakika kumi, bando kidogo tu.

Na kwenu? Kuna bangili, kengele ya ng'ombe, kiti cha babu? Simu unayo. Uliza wakati mwenye stori bado anakumbuka.