Kufuli la Sauti za Wazee

Nyumbani kwetu Kaengesa, juu ya meza ya marehemu baba, ipo kompyuta ndogo tunayoitumia kama seva ya familia. Imebeba picha za harusi na misiba, hati za shamba, na rekodi za wazee walionisimulia mambo yao kwa Kifipa. Baadhi walinipa hadithi. Wengine waligusia ugomvi wa ardhi na tuhuma za uchawi ndani ya koo zao. Hawa walinisihi: "Haya ni yako, mwalimu, si ya kijiji."

Mwezi uliopita jirani yetu alivunjiwa nyumba. Nikajiuliza: je, ingekuwa yetu? Nywila ya kuingilia pekee si kinga. Mwizi huchomoa diski, akaichomeka kwenye mashine nyingine, akasoma yote. Kinga ni usimbaji fiche, unaofanya data isisomeke bila ufunguo.

Wapo wasemao kwamba asiye na kosa hana cha kuficha. Siafiki. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inatambua haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Zaidi ya hayo, siri zile si zangu, ni amana.

Hata hivyo nilisita. Umeme hukatika, na kila seva inapowaka upya sharti mtu aandike nywila, ilhali mimi niko mbali, chuoni. Tena ufunguo ukipotea, hakuna fundi, awe wa Sumbawanga au wa Marekani, atakayeifungua diski. Nikifa ghafla, wazee wale watakuwa wamekufa mara ya pili.

Aliyenitatulia ni mama, ambaye hajawahi kugusa kompyuta. "Mwanangu, ghala la mahindi hufungwa, lakini ufunguo haujulikani na mtu mmoja tu. Chumvi ya jikoni haifungiwi."

Basi nikaigawa diski. Picha na hadithi ziko wazi, umeme ukirudi zinapatikana. Maneno ya amana nimeyasimba. Yatangoja mpaka nifike. Nywila imo ndani ya bahasha iliyofungwa, kwa dada yangu mjini, mbali na seva yenyewe.

Ndugu msomaji, wewe umebeba siri za nani? Na ukiondoka leo, nani anajua ulipoweka ufunguo?