Mpira Uliogusa Mstari

Ndugu wasomaji, mmenizoea nikiandika juu ya mizani na vina. Leo niruhusuni niandike juu ya tenisi, mchezo ambao hapa kwetu Nandagala vijana huutazama katika simu zao kuliko kuucheza. Msihofu, ushairi nitaurejea, kwa kuwa kosa ninalotaka kuliungama lina sura mbili.

Nilipohitimu chuo cha ualimu nilipangiwa kufundisha Kiswahili, na juu yake nikakabidhiwa michezo. Chuoni nilikuwa nimecheza mpira wa kikapu tu. Shuleni tulikuta raketi nne kuukuu, tukachora uwanja kwa majivu na kufunga wavu wa samaki baina ya miti miwili. Kanuni nilizijua juujuu: sufuri, kumi na tano, thelathini, arobaini, na wachezaji wakifungana arobaini kwa arobaini, mshindi hana budi apate pointi mbili mfululizo. Nilidhani zinatosha.

Katika fainali ya mabweni, binti mmoja wa kidato cha pili alipiga mpira ukaangukia mstari wa nyuma, majivu yakatimka. Nikapaza sauti: "Nje!" Katika mpira wa kikapu, mpira ukigusa mstari umetoka, nami nikadhani ndivyo ilivyo kila mahali. Akanisogelea, akasema kwa adabu, "Mwalimu, umegusa mstari." Nikamjibu kwamba mstari si uwanja. Pointi ile ilikuwa ya mwisho, akashindwa.

Miaka kadhaa baadaye nilipata kijitabu cha kanuni. Kumbe mpira uliogusa mstari huhesabiwa kuwa umegusa uwanja unaozungukwa na mstari huo. Nikajifunza na mengine. Mpira wa kuanzia ukigusa wavu kisha ukaangukia mahali pake, huanzishwa upya bila adhabu. Mchezaji akigusa wavu mpira ungali mchezoni, hupoteza pointi. Mpira ukirudishwa kwa kupita kando ya nguzo, hata chini ya kimo cha wavu, ni halali. Lililonichoma zaidi ni hili: pasipo na mwamuzi, kila mchezaji huamua mipira ya upande wake, na akiwa na shaka, shaka hiyo humfaa mpinzani.

Sasa sura ya pili. Binti huyohuyo aliwahi kuniletea shairi lake la kwanza. Nilikata mshororo mmoja kwa kalamu nyekundu, nikaandika: "Mizani imepungua." Ndani yake mlikuwamo neno "mbwa", nami nikalihesabu mizani moja, kama silabi ya kwanza ya "mbuzi". Ninyi mnajua: katika "mbwa", ile "m" husimama peke yake na hubeba mkazo, kwa hiyo mizani ni mbili. Kipande chake kilikuwa na mizani nane kamili. Sikio lake lilisikia nisichokisikia mimi, mwalimu wake.

Mwaka 2022 Angella Okutoyi wa Kenya, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alitwaa taji la Wimbledon la wasichana wawili wawili. Habari hiyo ilinikumbusha majivu yale. Nikaitafuta namba ya mwanafunzi wangu, nikampigia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Nina madeni yako mawili."

Nilipomweleza la mpira, alicheka sana. Alikuwa amekwisha kulisahau. Nilipomweleza la "mbwa", alinyamaza. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi tangu siku ile sikuandika tena shairi. Nilijua sina sikio."

Niliomba radhi, naye akanisamehe kwa maneno mazuri kuliko niliyostahili. Nikamwomba anitumie ule mshororo, iwapo anaukumbuka. Akasema atajaribu. Kila simu inapolia, huangalia kwanza kama ni yeye.

Walimu wenzangu mnaosahihisha mashairi ya vijana, kabla hamjashika kalamu nyekundu, someni kwa sauti. Na mkiwa na shaka, shaka hiyo na imfae mtoto.