Benchi la Timu Kubwa

Mtu akituuliza hapa shuleni twataka kuchezea timu gani, twajibu upesi: Simba ama Yanga. Sasa mwenzetu mmoja wa Ifakara ameitwa na timu ya vijana ya klabu kubwa ya Dar es Salaam, na timu ndogo ya mkoani nayo yamtaka. Bwenini ubishi hauishi.

Mimi nasema aende atakakopangwa kila juma. Mtibwa Sugar ya Turiani, mkoani mwetu humu, haikuwa na mashabiki wengi kama hao wakubwa, walakini ilitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1999 na 2000. Mbwana Samatta naye alitoka Simba mwaka 2011 akaenda TP Mazembe, akacheza sana, hata mwaka 2015 wakatwaa ubingwa wa Afrika. Januari 2016 Genk ya Ubelgiji ikamchukua. Wabishi wangu wasema Mazembe si timu ndogo. Ni kweli, lakini huko hakukalia benchi.

Mwenzetu hajaamua. Baba yake asema barua zote mbili zitajibiwa baada ya mtihani wa kidato cha nne, na hilo hakuna aliyelibishia.